Mtu wa Hesabu: Habari za Bwana Edwin Mtei, Gavana wa Kwanza wa Benki Kuu Yetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Maadhimisho ya Miaka Kumi



Halmashauri ya Maadhimisho iliniagiza nitayarishe maneno juu ya mtu mmoja miongoni mwa wale walioisimamisha nchi yetu baada ya Uhuru, na kwamba maneno hayo yatapigwa chapa katika kitabu hiki cha ukumbusho. Najua wengi mlitazamia nimtaje mmoja wa wanasiasa, kwa kuwa majina yao ndiyo yaliyoandikwa juu ya shule na barabara zetu. Mimi nimependa kumtaja mtu wa namna nyingine, ambaye kazi yake kubwa aliifanya mezani, penye kalamu na daftari. Huyo ni Bwana Edwin Mtei.

Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba alitoka katika nchi ya kahawa, na baada ya kuacha kiti cha uwaziri alirudi katika kahawa, kwa hiyo habari zake ni habari za nyumbani. Ya pili naisema waziwazi tangu mwanzo, asije mtu akadhani nimeificha. Mkutano Mkuu wetu ujao utapiga kura juu ya hoja ya kupandisha malipo ya awali kwa mkopo wa benki. Yaliyompata Bwana Mtei mwaka 1979 yanakaribiana sana na hoja ile, ijapokuwa yeye alikuwa akishughulika na nchi nzima, na sisi twashughulika na magunia yetu.

Bwana Mtei alizaliwa Marangu, katika mitelemko ya Kilimanjaro, mwaka 1932. Mwaka uliofuata wakulima wa huko waliunda KNCU, chama kikuu ambacho wazee wetu wote wa ushirika hukitaja kwa heshima. Alilelewa na mama yake, na katika utoto wake alichunga mbuzi kama watoto wenzake. Jambo hilo hakuliona aibu, maana alipoandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2009 alikipa jina la “From Goatherd to Governor”, yaani kutoka uchungaji wa mbuzi hadi ugavana. Akasoma Old Moshi, kisha Tabora, kisha Makerere, aliyoimaliza mwaka 1957. Kwanza aliandikwa kazi katika kampuni ya tumbaku, halafu mwaka 1959 akaingia katika utumishi wa Serikali.

Yatupasa tukumbuke utumishi wa Serikali ulikuwa namna gani siku zile. Bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, katika vyeo vya juu na vya kati vya Serikali, Waafrika walishika kama kimoja tu katika kila vinne. Wengine wote walikuwa maofisa wa Kiingereza na wageni wengineo, na wengi wao walikwisha kufunga masanduku wakingojea meli. Kwa hiyo kijana aliyekuwa na shahada alipanda ngazi kwa haraka ambayo leo mtu hawezi kuisadiki. Aliyekuwa msaidizi mwaka huu alikuta mwakani kiti cha mkubwa wake ki tupu, na mafaili yamelala juu ya meza yakimngojea yeye. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 32, Bwana Mtei alikuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Mimi ninayesema nanyi ninayo miaka 36, na bado kuna siku ambapo taarifa ya robo mwaka hunikosesha usingizi.

Waziri wake wa Fedha alikuwa mzee ambaye wanaushirika hatuna haki ya kumsahau, Bwana Paul Bomani, aliyewakusanya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa mpaka wakawa na muungano wa vyama uliojulikana Afrika nzima. Kwa hiyo katika miaka ile Hazina yetu iliongozwa na mtu wa pamba, na chini yake alikaa mtu wa nchi ya kahawa. Nafikiri hilo lilikuwa jambo jema.

Sasa nifike katika habari ya shilingi. Wazee waliokuwako watakumbuka kwamba Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia fedha moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, nayo ilikaa London mpaka mwaka 1960 ilipohamia Nairobi. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza: aliyetaka shilingi huku alipaswa kwanza kuweka pauni kule. Fedha ya namna hiyo haidanganyi mtu, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini ilikuwa na upungufu mkubwa kwa mkulima. Msimu wa kununua mazao ulipofika na fedha nyingi ikahitajiwa vijijini kwa majuma machache, hapakuwa na mlango wa nchi wa kubisha. Akiba yetu ililala Uingereza, nasi tulingoja ukarimu wa mabenki ya kigeni, kila moja likitazama faida yake.

Baada ya Uhuru viongozi wa nchi tatu walijaribu kwanza kuwa na benki kuu moja ya wote. Mazungumzo hayo hayakufaulu, na mwezi Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki yake na fedha yake. Kijana yule wa Hazina akateuliwa kuwa Gavana. Fikirini kazi aliyopewa. Sheria ya benki ilipitishwa mwishoni mwa mwaka huo, na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango tarehe 14 Juni 1966. Katika muda huo ilikuwa lazima noti zichorwe, zipigwe chapa ng’ambo, zisafirishwe kwa siri, zisambazwe kutoka Mtwara hadi Bukoba, na fedha ya zamani iliyofichwa vibuyuni na chini ya magodoro irudishwe kidogo kidogo bila mtu kupata hasara. Aidha ilikuwa lazima watu waiamini. Karatasi ni karatasi tu, na mkulima aliyetoa gunia lake akapewa karatasi mpya yenye picha ya Mwalimu, chini yake sahihi ya Waziri Jamal na sahihi ya Gavana Mtei, alikuwa na haki ya kuuliza kama kesho duka litaipokea. Duka liliipokea. Gavana mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 34.

Miezi minane tu baadaye likaja Azimio la Arusha. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki ya kigeni yakawa mali ya umma, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Sisemi hapa kama uamuzi ule ulikuwa mwema au mbaya, kwa kuwa hata leo wajukuu wa waliokuwako wanabishana. Nasema tu kwamba uamuzi wa siku moja huwaachia watumishi kazi ya miaka. Wenye mabenki walitaka fidia, maofisa wengi wa kigeni wakaondoka, na mwenye akaba yake alitaka kujua kama ataikuta Jumatatu. Benki Kuu ilibidi ihakikishe kwamba ataikuta, nayo ilihakikisha.

Katika Novemba ya mwaka huo huo Uingereza ilishusha thamani ya pauni, kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Zamani za Bodi, shilingi ingeteremka pamoja na pauni, tutake tusitake, kama behewa lililofungwa nyuma ya gari moshi. Safari hii Tanzania na jirani zake hawakufuata. Shilingi ilibaki pale pale, kama 7.14 kwa dola. Huo ulikuwa Uhuru wa namna ambayo haina gwaride, na wakulima wengi hawakuujua, lakini ulikuwa Uhuru.

Bwana Mtei aliongoza Benki Kuu kwa miaka minane. Mwaka 1974 akapelekwa Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapo nitapita upesi, maana habari yake ni ya huzuni na haikuwa mikononi mwake. Marais watatu hawakukaa pamoja mezani tangu Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971. Mtumishi aweza kuandika mihutasari na kukumbusha madeni ya reli na bandari, lakini hawezi kuwalazimisha wakubwa kukutana. Bajeti ya Jumuiya ilipokosa kupitishwa katikati ya mwaka 1977, nyumba ikaanguka. Kabla yake mpaka wa Kenya ulikwisha kufungwa, na reli ya kutoka Moshi kwenda Voi ikakatwa. Wakati huo Bwana Mtei alikuwa amekwisha kuitwa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Fedha.

Wanachama wenzangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Alipokabidhiwa Hazina, vyama vikuu vya ushirika havikuwapo tena. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivifuta, KNCU pamoja na vingine vyote, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimezisoma hesabu za wakati ule na nimewasikiliza wazee. Mamlaka nyingi ziliendeshwa kwa hasara, na hasara hiyo ilijazwa kwa fedha ya Benki ya Taifa ya Biashara, mwaka baada ya mwaka, pasipo mwenye mali kuulizwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nafikiri maneno hayo yangalifaa kuandikwa juu ya milango ya ofisi zile.

Mwanzoni hali haikuonekana mbaya. Jalidi iliyoiunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na mwaka 1977 bei ilifika kilele. Fedha za kigeni zikajaa Benki Kuu, na Serikali, kwa kushauriwa na wataalamu wa mashirika ya kimataifa, ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka ng’ambo. Maduka yakajaa. Mwaka mmoja baadaye akiba ile ilikwisha. Wapo wanaomlaumu Bwana Mtei kwa jambo hilo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa Waziri, nami naona lawama hiyo ina haki yake. Neema ya jalidi ya watu wengine si mshahara wa kila mwaka, na anayekaa Hazina ndiye anayetakiwa kulikumbuka hilo kabla ya wengine.

Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tulipigana, na mwezi Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Hakuna Mtanzania anayejuta kwamba tuliilinda ardhi yetu, lakini vita vile vililipwa kwa fedha za kigeni, na makisio yanayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda mara ya pili, na ya kahawa ilikuwa imekwisha kuteremka. Hazina ilikuwa tupu.

Bwana Mtei akazungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile mnalolijua kwa jina la IMF. Shirika lilikuwa tayari kukopesha, lakini kwa masharti, na kubwa katika masharti hayo lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Waziri aliona kwamba sharti hilo, ingawa chungu, lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwalimu Nyerere alilikataa. Waziri hakuyageuza maoni yake. Akajiuzulu, mwishoni mwa mwaka 1979.

Labda mtu ataniuliza: thamani ya shilingi inamhusu nini mkulima wa kahawa, ambaye dola hajaishika mkononi? Tufanye hesabu, na idadi hizi nazitumia kwa mfano tu. Tuseme kilo moja ya kahawa imeuzwa ng’ambo kwa dola 3. Benki, kwa bei ya Serikali ya wakati ule iliyokuwa kama shilingi 8 kwa dola, inatoa shilingi 24. Katika hizo 24 mamlaka ya zao inakata gharama zake, na ninyi mwajua gharama za mamlaka zilivyokuwa. Mkulima anapata kinachosalia. Sasa mkulima huyo anakwenda dukani kutafuta sabuni, panga na khanga ya mkewe. Dukani hamna. Vipo kwa mlanguzi, kwa bei ya kuruka, na mlanguzi amevinunua kwa dola ya mtaani, ambayo tuseme ni shilingi 20. Basi kahawa ambayo kwa hesabu ya mlanguzi ilikuwa na thamani ya shilingi 60, mkulima ameiuza kwa 24 zilizokatwa. Ameuza kwa bei ya nchi moja, akanunua kwa bei ya nchi nyingine, naye hajavuka mpaka. Si ajabu kwamba waliokaa karibu na mpaka waliamua kuuvuka kweli, usiku, na magunia kichwani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu juu ya meza ya Waziri. Shilingi iliyosemwa ina nguvu kuliko nguvu yake halisi ilikuwa kodi, na mlipaji mkubwa wa kodi hiyo alikuwa mwenye shamba. Haikuandikwa katika bajeti, wala mkaguzi hakuiona.

Lakini haki yataka nieleze na upande wa pili, maana Mwalimu hakuwa mtu wa kukataa jambo kwa ujinga. Alijua kwamba shilingi ikishushwa, dawa za hospitali, mafuta ya malori na vitabu vya shule vyote hupanda bei siku hiyo hiyo. Mkahawa, kwa upande wake, haupandi na kuzaa siku hiyo hiyo. Hutaka miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa mavuno ya maana. Kwa hiyo uchungu hutangulia na faida huja nyuma, ikija. Aliona pia kwamba wakopeshaji hawakutaka tu kulipwa, walitaka kupanga mambo ya ndani ya nyumba yetu. Mwanzoni mwa 1980 aliwauliza mabalozi waliokusanyika Dar es Salaam tangu lini shirika hilo limegeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Ni swali zuri, na nchi maskini zinaliuliza hata sasa.

Nani alikuwa na haki? Mimi ni mtu wa kidato cha nne, sina shahada ya uchumi, ila nina daftari. Naona kwamba Mwalimu aliwafahamu wakopeshaji vizuri kuliko Waziri wake, na Waziri aliifahamu shilingi vizuri kuliko Mwalimu. Hesabu haikungojea mshindi wa hoja. Shilingi ilishushwa baadaye vile vile, kidogo mwaka 1982, ikafika 12 kwa dola mwaka 1983, na 17 mwaka 1984. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, mapatano na lile Shirika yalitiwa sahihi na dola ikafika shilingi 40. Katikati yake ilipita ile miaka ambayo mama zetu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na mkulima alilipwa kwa hati ya ahadi akangoja msimu mzima. Mateso ambayo Mwalimu alitaka kuwaepusha watu yaliwafika, kwa njia ndefu zaidi.

Wala si kweli kwamba baada ya 1986 mkulima alitajirika. Bei kwa shilingi ilipanda, na dawa ya mikahawa na mbolea navyo vikapanda. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya mgawo wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka vibaya, na wazee wengine wakang’oa mikahawa wakapanda nyanya. Anayewaambia kwamba kuna dawa moja ya kuponya umaskini wa mkulima, mwombeni awaonyeshe hesabu yake.

Nirudi kwa Bwana Mtei. Alipojiuzulu hakukimbilia ng’ambo kuitukana nchi yake, wala hakukaa sebuleni kungoja aitwe. Alikwenda Tengeru, karibu na Arusha, akawa mkulima wa kahawa. Yule aliyetia sahihi noti zetu akawa mtu wa kutazama mawingu kama sisi. Na hapa pana jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa heshima kwa pande zote mbili: mwaka 1982, Mwalimu akiwa bado Rais, Bwana Mtei alikwenda Washington kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa Shirika lile lile la Fedha, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Alikaa huko mpaka 1986. Walibishana mpaka mmoja akaacha kazi, lakini hakuna aliyesema kwamba mwenzake ni mwizi au msaliti. Katika mikutano yetu ya vyama vya msingi nimesikia maneno mabaya kuliko hayo yakitupwa kwa sababu ya turubai la kuanikia.

Baadaye aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya Serikali, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1991. Katika miaka iliyofuata Mamlaka ya Mapato ikaundwa, ikaanza kazi mwaka 1996. Mwaka 1992, vyama vingi vya siasa viliporuhusiwa, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chadema na mwenyekiti wake wa kwanza hadi 1998. Hayo nayataja kwa kuwa ni sehemu ya historia yake, nami naishia hapo. Ushirika wetu hauna kadi ya chama chochote cha siasa, na Mwenyekiti ananitazama.

Nimesema mwanzo kwamba habari hii inahusu hoja iliyo mbele yetu. Hoja yasema tukope benki, tumlipe mkulima malipo ya awali makubwa zaidi siku anapoleta kahawa ghalani, kabla ya mnada. Mimi natoka katika nyumba ya mkulima, na najua mwezi wa ada ya shule unavyouma. Najua pia kwamba mnunuzi binafsi anasimama njiani na fedha taslimu, na kwamba mwanachama mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja malipo ya pili. Hoja hii haikuletwa na wapumbavu.

Lakini bei ya mnada hatuipangi sisi. Hupangwa na soko la dunia na mvua ya Brazil. Mnada ukija juu ya malipo ya awali, tutalipa benki, tutalipa riba, na kilichosalia kitakuwa malipo ya pili, madogo kuliko mlivyozoea. Mnada ukija chini, hakuna mkulima atakayerudisha alicholipwa, wala si haki kumdai. Pengo litajazwa na akiba ya Chama, ambayo ni makato yenu ya miaka kumi. Akiba isipotosha, benki itatazama ghala. Nimeipiga hesabu hiyo kwa bei tatu, ya juu, ya kati na ya chini, nikaiandika katika taarifa.

Baadhi ya watu walinishauri ukurasa ule niuondoe kwanza, hata sherehe ipite, maana utaharibu ladha ya pilau. Walishauri kwa nia njema. Sikuuondoa. Mimi ni mtumishi wenu wa kuajiriwa na katika Mkutano Mkuu sina kura. Mkiamua kukopa, nitaandika barua ya benki kesho yake na nitausimamia mkopo kwa uaminifu wangu wote, kama nilivyoyasimamia maamuzi yenu mengine, hata yale niliyoyapinga. Ila mtaamua mkiwa mmezisoma bei zote tatu.

Taarifa imebandikwa kwenye ubao wa ghala, nayo ina kurasa sita. Habari ya mkopo iko ukurasa wa nne. Kwa wazee wasioona vizuri, Mtunza Hazina atausoma ukurasa huo kwa sauti saa nane, chini ya mwembe, na atajibu maswali kabla ya ngoma kuanza.